Gari Lenye Kitanda, Kadi Yenye Jina la Shemeji



Kila nikisema kwamba tulikwenda harusini Mombasa na gari lenye kitanda, watu hucheka kwanza, kisha huanza kuuliza. Wengi hudhani nasema yale magari makubwa ya wageni, yenye jiko na choo ndani na hema juu ya paa. La kwetu ni Hiace. Hiace hizi hizi unazozijua, iliyotolewa viti vya nyuma ikatiwa kitanda.

Sababu ya kitanda ni mama yangu. Alianguka akavunjika nyonga, akapasuliwa na kutiwa chuma, na tangu hapo hawezi kukaa kitako muda mrefu. Nusu saa, basi, maumivu yanaanza. Tulimtoa Unguja aje kwangu hapa Picha ya Ndege nimuuguze, na mwaka ukapita. Huku nyuma dada yake, mama yangu mkubwa, yuko Mombasa, Mji wa Kale, alikoolewa tangu usichana wake. Walikuwa hawajaonana miaka 11. Ikaja habari kwamba mjukuu wa mama mkubwa anaolewa, Ijumaa baada ya Laasiri. Mama akasema lazima aende. Ndege tuliifikiria, lakini ile safari ya kwenda uwanjani, kusubiri, kukaa, kuunganisha, haiwezekani kwa nyonga ile. Mwenyewe akacheka: "Nakaa Picha ya Ndege, na ndege yenyewe sipandi!"

Hiace ni ya shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anayefanya kazi Muscat. Ametuachia tuitumie. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Fundi seremala wa mtaani alitutengenezea kitanda cha mbao upande mmoja, kuanzia nyuma ya dereva hadi mlango wa nyuma. Kimefungwa kwa boliti kwenye sakafu, hakikuwekwa tu. Juu godoro la inchi 6, na mikanda miwili ya kumshika mama kifuani na mapajani, maana gari likifunga breki aliyelala huruka kama mzigo. Upande wa pili tukaacha viti vyangu mimi na watoto. Chini ya kitanda: madumu mawili ya maji ya lita 20, ndoo yenye mfuniko kwa haja ya mama usiku, na mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6. Mtungi ukiwa njiani unafungwa kabisa na mpira unachomolewa. Usithubutu kupika gari likitembea, wala usipike milango ikiwa imefungwa. Na pazia! Hili wanaume hawalifikirii. Nilishona pazia za kitenge madirisha yote, nzito, zenye kamba juu na chini zisipepee. Mama anabadilishwa nguo, anatawadha, anapumzika bila shela, na hakuna wa nje anayeona kitu.

Tulitoka Alhamisi baada ya Alfajiri. Mlandizi, Ruvu, hadi Chalinze, pale tukakata kulia barabara ya Segera. Vijijini ni hamsini, na ni hamsini kweli, maana tochi za trafiki zimejaa. Kwa mgonjwa mwendo ule ni neema. Huku kwetu kibla ni kaskazini, na barabara ile kutoka Chalinze kwa sehemu kubwa inapanda kaskazini. Mama amelala akitazama juu, akasema amelala muda wote gari linampeleka kiblani. Kila tulipotaka kuswali, tuliegesha pua ya gari kaskazini, tukamwinua kidogo kwa mito, akaswali palepale kitandani. Habari za kupunguza na kukusanya swala, na ya mgonjwa, muulizeni sheikh wenu kabla ya kutoka nyumbani. Mkiulizana njiani kila mtu atakuwa na yake.

Muheza tulinunua machungwa, Tanga tukalala kwa jamaa, gari uani, mama ndani ya gari kwa hiari yake mwenyewe. Alikwishalipenda.

Ijumaa saa tatu asubuhi tukawa mpakani. Kutoka Tanga hadi Horohoro ni lami tupu, haizidi mwendo wa saa moja na nusu hata kwa kwenda taratibu. Kituo ni cha pamoja, maana yake Uhamiaji na forodha wa Tanzania na wa Kenya wako mahali pamoja, unamaliza ya kutoka na ya kuingia hapo hapo. Pasipoti zetu zilikuwa sawa. Wakenya na Waganda wao kwa wao huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Sisi Watanzania usijidanganye na NIDA wala kitambulisho cha Mzanzibari. Chukua pasipoti, au ile hati ya dharura ya kusafiria wanayotoa Uhamiaji kwa safari za nchi jirani. Watoto nao wawe na zao, na vyeti vya kuzaliwa mkononi. Ukisafiri nao bila baba yao, beba barua ya baba. Anayevaa nikabu aombe afisa mwanamke wa kumtazama uso, aombe mapema na kwa upole.

Basi, watu tumepita. Likabaki gari.

Afisa akatazama kadi, akamtazama mume wangu. Jina la kwenye kadi si la kwake. "Mwenye gari yuko wapi?" Muscat. "Barua ya kukuruhusu kutoa gari nje ya nchi?" Tukatazamana. Bima ya COMESA tulikuwa nayo, ile kadi ya njano, nilikwenda mwenyewe kuikata, maana bima ya kawaida ya nyumbani haitoshi ukishavuka. Leseni ipo. Kadi halisi ipo, si kivuli. Barua hatuna. Haikutupitia hata akilini, kwa sababu kwetu gari la ndugu ni gari la nyumba. Mpakani hakuna gari la nyumba. Kuna gari la mtu fulani, na aliyelishika ama ameruhusiwa ama ameliiba.

Tena kadi inaonyesha gari ni la abiria na idadi ya viti vyake, afisa akichungulia ndani anaona kitanda na bibi. "Hii ni ambulensi?" Mume wangu akaeleza. Yule kijana, Mungu ampe heri, hakutufokea wala hakutaka chochote. Alisema tu kwamba hawezi, na kwamba hata yeye akitupitisha tutakamatwa mbele kwenye vizuizi vya polisi. Kosa lilikuwa letu tupu, na nalisema hivyo.

Tukageuza tukaegesha upande wa Horohoro, chini ya mti. Mume wangu akampigia mdogo wake. Yuko kazini, simu haipokelewi. Alipopokea ikawa saa tano. Akaandika barua kwa mkono, akaisaini, akaipiga picha pamoja na pasipoti yake, akatuma. Sasa iende kwa wakili, uandikwe kiapo, ugongwe muhuri. Wakili wa karibu ni Tanga, na ni Ijumaa. Mume wangu akadandia daladala, akatuacha: mimi, watoto wawili, na mama.

Nataka niseme ukweli juu ya saa zile. Nililia. Nilijifanya napanga vyombo nyuma ya gari nikalia. Mwaka mzima namuuguza, nimeshona mpaka pazia, nimenunua mpaka mirija ya kumnyweshea maji, na kilichotushinda ni karatasi moja ambayo pale Kibaha ningeipata asubuhi moja. Mama alinisikia. Hakuniambia nisubiri wala nisilie. Aliniambia, "Nipikie uji, njaa inauma."

Nikawasha jiko nje, nikapika uji wa mchele, nikamnywesha. Nikamwogesha, nikampaka mafuta, nikamfunga khanga mpya aliyokuwa aende nayo harusini. Laasiri ikaingia. Mama mkubwa akapiga simu mwenyewe: kijana mmoja wa kwao atakaa karibu na sheikh msikitini, ataacha simu wazi. Nikaweka sauti kubwa, nikailaza simu juu ya kifua cha mama. Tukasikia hotuba vipande vipande, mara inakuja, mara inapotea kama mtu anayesema akiwa chini ya maji. Tukalisikia jina la binti. Tukasikia bwana harusi akijibu, sauti imemkauka, "Nimekubali," kisha mtandao ukakatika. Mama akapiga kigelegele. Akiwa amelala chali, ndani ya Hiace, chini ya mti, Horohoro. Madereva wa malori waliokuwa wamekaa upande wa pili wakageuka wote.

Mume wangu alirudi Magharibi na kiapo chenye muhuri. Hakutaka kuendesha usiku njia asiyoijua, kwa hiyo tukalala palepale. Hapo ndipo kitanda kilipolipa gharama zake. Nyumba ya wageni yoyote ingemtesa mama.

Jumamosi mapema tukarudi dirishani. Kiapo, kadi, leseni, bima, vyote kwenye faili moja. Kwa upande wa Kenya unapewa kibali cha kuingiza gari kwa muda. Watakuuliza unakaa siku ngapi. Usiseme chache ili uonekane mwema. Sema utakazokaa kweli na uongeze kidogo, kwa sababu tarehe ya kutoka inaandikwa, na ukiipitiliza utalipa. Sisi tulisema hadi Jumanne.

Kisha mizigo, na hapa nawasemesha mabibi harusi hasa. Tulibeba zawadi: vitenge, seti za mashuka, vyombo. Vyote vipya, na lebo zake. Sanduku la bi harusi na bidhaa za dukani kwa macho ya forodha vinafanana. Andika orodha, weka risiti, na usibebe kitenge cha aina moja doti kumi halafu useme ni zawadi. Dhahabu taja mwenyewe kabla hujaulizwa. Dawa za mama, hasa zile za maumivu makali, nilizibeba katika paketi zake na karatasi ya daktari juu. Na mifuko ya plastiki acheni nyumbani. Kenya wameipiga marufuku tangu Agosti 2017, sisi tangu Juni 2019, lakini bado tunaiona majumbani, mtu kafungia sambusa humo. Sambusa zangu zilikuwa kwenye hotpoti, na vileja kwenye ndoo. Kadi za chanjo ya homa ya manjano tulikuwa nazo pia, zikae pamoja na pasipoti.

Kutoka Lunga Lunga ni kushoto vilevile kama kwetu, minazi, Ukunda, hadi Likoni. Siku hizi ipo barabara ya Dongo Kundu ya kuzunguka, lakini mama alitaka kivuko. Alitaka asikie maji. Tukaingia na gari, nikafungua pazia la upande mmoja kidogo, na kwa muda ule mfupi wa kuvuka hakusema neno.

Mji wa Kale, vichochoro vile, Hiace haiingii hadi mlangoni. Tuliegesha pembeni, mume wangu akaenda kutafuta vijana wa kumbeba mama. Kabla hajarudi, pazia la nyuma likafunuliwa. Mama mkubwa, na umri wake, kaja mwenyewe kwa miguu, mkongojo mkononi, buibui kalivaa upande. Hakusalimu mtu. Alipanda kwa kushikwa huku na huku, akajilaza kwenye kitanda kando ya mdogo wake. Kitanda cha mtu mmoja. Wakageuziana nyuso.

Niliteremka na watoto, nikafunga pazia.

Baada ya muda bi harusi mwenyewe akaletwa, kajifunika ushungi, piko mikononi haijafifia, akaingia kusalimia. Nilimsikia mama akimwambia kwamba alikuwepo jana, na kwamba bwana wake sauti ilimkauka. Wakacheka watatu. Vijana wa kubeba walikuwa wamefika, wamesimama na kiti. Mume wangu akagonga bodi taratibu, akauliza, "Mama, tukushushe sasa?"

"Karatasi imesema Jumanne," mama akajibu kutoka ndani. "Leo Jumamosi. Tuacheni kwanza."