Kambi Iliyo Ndani ya Mlima

Kabla sijaondoka Moshi nilikuwa nimeshajaza kurasa mbili za daftari la safari. Ukurasa wa kwanza una orodha ya vitu nilivyoagizwa na nyumba nzima. Wa pili una swali moja tu: "Kwa nini walikuja kupigana Kilimanjaro?"

Swali hilo lililetwa na mpwa wangu. Jioni moja alinirushia kipande cha katuni kwenye simu, akaandika chini yake: "Mjomba, kwenu kumelipuliwa." Kilikuwa kipande cha Zeta Gundam, katuni ya Kijapani iliyoonyeshwa kwenye televisheni ya huko kuanzia mwaka 1985. Katika sehemu ya 35 waasi wanauvamia mlima wetu, kwa sababu jeshi la serikali limejenga kambi ndani yake. Majitu ya chuma yanarushiana moto, ndege zinaanguka. Nilikitazama mara mbili, nikiwa nimeketi barazani na mlima wenyewe mbele yangu. Kilimanjaro ya kwenye simu ilikuwa na mwamba na theluji. Mtu wa Kibosho, kule miteremkoni, hata mmoja hakuwepo, wala mgomba.

Mwezi uliofuata nilikwenda Tokyo kwa mafunzo ya ufundi ya wiki tatu. Siku za mapumziko wenzangu walikwenda madukani. Mimi nilikuwa na swali langu.

Odaiba

Odaiba nilifika kwa Yurikamome, treni isiyo na dereva inayovuka ghuba juu ya Daraja la Rainbow. Mbele ya jumba la maduka la DiverCity lilisimama jitu jeupe la mita 19.7 liitwalo Unicorn Gundam. Ilipogonga saa tisa alasiri muziki ulianza, pembe ya kichwani ikafunguka ikawa mbili, na mwanga mwekundu ukachomoza kwenye viungo vya mwili. Umati ulikuwa mkubwa, lakini kimya. Simu ziliinuliwa, zikashushwa, yakapigwa makofi ya adabu, watu wakatawanyika. Mimi niliyezoea siku ya mechi ya Simba na Yanga, ambapo mtu anarudi nyumbani hana sauti, nilidhani jambo lenyewe bado halijaanza.

Kumbe lilikuwa linaanza pembeni. Mwenyeji wangu, fundi mwenzangu wa karakana, alinionyesha kijana aliyevaa koti lenye nembo ya Zeon. Hapo ilibidi anieleze kisa tangu mwanzo.

Katuni ya kwanza, Mobile Suit Gundam, ilianza kuonyeshwa tarehe 7 Aprili 1979, ikiongozwa na Tomino Yoshiyuki. Ndani yake wanadamu wengi wamehamishiwa kwenye koloni za angani, mapipa makubwa yanayozunguka, yenye mito na mashamba ndani. Mwaka 0079 wa kalenda yao, koloni za mbali kabisa zinajitangazia uhuru kwa jina la Zeon na kuingia vitani na Shirikisho la Dunia. Zeon inawaua kwa gesi ya sumu wakazi wa koloni nzima, kisha inaiangusha koloni yenyewe juu ya Dunia, na mji wa Sydney unatoweka. Katika mwezi mmoja na ushei nusu ya wanadamu wamekufa. Anayeingizwa ndani ya jitu la chuma liitwalo Gundam kupigana ni Amuro Ray, mtoto wa miaka 15.

Nilimwomba mwenyeji wangu amuulize kijana yule: unavaaje nembo ya watu waliofanya hayo?

Hakukasirika. Nadhani alikuwa ameshaulizwa mara nyingi. Alisema katuni yenyewe haiwafichi wakubwa wa Zeon, kwani mtawala mzee Degwin anamlinganisha mwanawe Gihren na Hitler waziwazi. Ila chini ya wakubwa kuna askari kama Ramba Ral. Huyu anakutana na Amuro kwenye mkahawa wa jangwani kabla hawajajuana kuwa ni maadui. Mwanamke aliyefuatana na Ral anataka kumlipia kijana chakula, Amuro anakataa kula cha bure, na Ral anampenda kwa ukaidi ule. "Mimi nimevaa koti la Ral," alisema kijana, "si la Gihren."

Mwenyeji wangu alifikiri kidogo, kisha akasema kwa upole kwamba Ral naye alitii amri za Gihren hadi siku ya kufa. Kijana akajibu, naye akajibiwa. Waliendelea hivyo kwa dakika kumi au zaidi bila sauti kupanda, kila mmoja akimsubiri mwenzake amalize. Mwishoni waliinamiana wakaagana, hakuna aliyeshinda. Niliandika: "Wanabishana kuhusu askari wa katuni kama watu waliokuwa na babu vitani." Baadaye nilikumbuka kwamba wengi wao ni kweli walikuwa na babu vitani.

Shinjuku

Nje ya mlango wa mashariki wa kituo cha Shinjuku, upande lilipokuwa duka la Alta, sikuona kibao chochote cha kukumbusha siku niliyoifuata. Nilisimama pale kwa sababu ya tarehe 22 Februari 1981.

Katuni ile ya kwanza ilikuwa imeshindwa. Watazamaji walikuwa wachache, vitu vya kuchezea havikununuliwa, na sehemu 52 zilizopangwa zikakatwa zikabaki 43. Ikafa Januari 1980. Kilichoifufua ni marudio ya televisheni, na vifurushi vya plastiki vya kujiundia Gundam ambavyo kampuni ya Bandai ilianza kuviuza Julai mwaka huohuo, cha kwanza kwa yeni 300. Vijana wakaanza kuulizana maswali, na maswali yakawa mengi kuliko katuni yenyewe. Filamu ya Gundam ilipokuwa karibu kutoka, maelfu yao walifurika kwenye uwanja huu mdogo, na hapo likasomwa tangazo la zama mpya za anime, yaani katuni za Kijapani.

Waliolisoma jukwaani walikuwa mashabiki wawili, mmoja amevaa kama Char Aznable, mwingine kama Lalah Sune, wahusika wawili wa katuni hiyo. Aliyevaa kama Char ni Nagano Mamoru. Miaka minne baadaye alikuwa miongoni mwa wachoraji wa majitu ya Zeta Gundam, ile iliyofika kwetu mlimani. Aliyevaa kama Lalah ni Kawamura Maria, ambaye baadaye aliingiza sauti katika Gundam za mbele. Walitoka kwenye umati, wakaingia ndani ya kisa.

Hapo nilikumbuka vibanda umiza vya nyumbani. Tunakaa kwenye mabenchi, filamu ni ya Kihindi au ya Kichina, na mkalimani anaingiza sauti yake juu ya sauti za waigizaji. Hatafsiri tu. Anamwita jambazi kwa jina la mtu wa mtaani, anamwonya shujaa, anaongeza ugomvi ambao mtunzi hakuuwaza. Tukitoka pale tunabishana kuhusu maneno ya mkalimani, maana ndiyo filamu tuliyoiona. Tofauti ni kwamba maneno ya mkalimani wetu hayarudi Mumbai wala Hong Kong. Ya vijana wa Shinjuku yalirudi.

Kami-Igusa

Kutoka Seibu-Shinjuku nilipanda treni hadi Kami-Igusa, kitongoji cha nyumba fupi na baiskeli nyingi. Studio ya Sunrise iliyotengeneza Gundam ilikuwa maeneo hayo, na kituo chenyewe kinapiga wimbo wa katuni hiyo treni inapoondoka. Nje yake kuna Gundam wa shaba aliyenyoosha mkono mmoja juu. Karibu yake mama mmoja alikuwa anafunga kamba ya kiatu cha mtoto.

Hatua chache kutoka pale mwenyeji wangu alinipeleka kwenye mkahawa mdogo ambapo watu wa makamo huja Jumamosi na vifurushi vyao. Kulikuwa na meza moja ndefu, taa zimeshushwa karibu na mikono, na harufu ya gundi. Aliyeketi mbele yangu alikuwa na miaka kama sitini, miwani ameisukuma kwenye paji la uso. Alikuwa anakata vipande vyekundu vya plastiki kwa koleo dogo, anakwangua pale palipokatwa, anapuliza vumbi, anakishika mwangani, anakwangua tena. Kifurushi kilikuwa cha Zaku, jitu la Zeon aliloliendesha Char. Na penye Zaku ya Char, niliambiwa, ubishi ni mmoja.

Char ni rubani wa Zeon anayevaa kinyago, na jina lake lilitoholewa kwa mwimbaji wa Ufaransa, Charles Aznavour. Mara ya kwanza anapowashambulia akiwa ndani ya jitu lake, mlinzi kwenye meli ya kina Amuro anapiga kelele kwamba jitu linalokuja lina kasi mara tatu ya kawaida. Lakini takwimu zilizochapishwa baadaye zinasema mashine yake inaizidi ya kawaida kwa asilimia 30 tu. Hiyo mara tatu imetoka wapi?

Mmoja alisema Char hutumia vifusi vya angani kama ngazi, anavipiga teke na kupata mwendo bila kuchoma mafuta. Mwingine alisema mlinzi alikuwa mtoto mwenye hofu, na mwenye hofu huhesabu vibaya. Wa tatu akasema kwa uso mkavu kwamba ni kwa sababu imepakwa rangi nyekundu. Wote wakacheka, na ilionekana wameucheka utani huo kwa miaka 40. Mwenye koleo hakucheka. Aliinuka, akachukua kwenye rafu kitabu kilichochakaa, akanifunulia.

Kilikuwa Gundam Century, kilichotolewa mwaka 1981 na wachapishaji wa jarida la mashabiki liitwalo OUT. Katuni ilikuwa imeacha mianya mingi. Ilisema kuna chembe za Minovsky zinazopofusha rada, ndiyo maana majitu hulazimika kupigana ana kwa ana kama watu wenye mapanga, lakini haikueleza kwa kina. Katuni haikueleza hata kwa nini jitu la angani liwe na miguu. Waandishi wa kitabu wakalijibu hilo: likirusha mkono au mguu upande mmoja, mwili wote hugeuka upande wa pili, na mafuta hayatumiki. Miaka iliyofuata wenye katuni wakayachukua maelezo hayo kuwa yao, na leo ukisoma maandishi rasmi utayakuta humo.

Mtu yule aligonga ukurasa kwa kidole. "Mtunzi alituachia nyumba isiyo na milango," mwenyeji wangu alinitafsiria. "Sisi ndio tulioitia."

Ndipo nikatoa swali langu. Nilisema natoka Moshi, mji ulio chini ya Kilimanjaro.

Koleo liliwekwa mezani. Meza nzima iligeuka. Walizijua sehemu zile mbili, ya 35 na ya 36, kuliko mimi. Walijua rubani Four Murasame anavyokufa pale mbele ya Kamille, shujaa wa Zeta, na jinsi baada ya hapo waasi wanavuka bara hadi Dakar, ambako Char, sasa kwa jina la Quattro Bajeena, anahutubia bunge la Shirikisho. Kwa nini Kilimanjaro hasa, walinijibu kwa upesi: ni mlima mrefu, u karibu na ikweta, jeshi lolote lingeutaka. Wenyewe jibu hilo halikuwashughulisha. Walitaka kuniuliza mimi.

Mwenye koleo alianza. Mkiwa mjini, mlima unaonekana saa ngapi? Nilimwambia alfajiri, na tena jioni. Jua likishapanda mawingu huufunika. Kutoka mjini hadi kwenye theluji kuna nini? Nikamchorea kwenye karatasi ya kufutia mikono: kwanza vihamba, yaani migomba na kahawa na nyumba za watu, kisha msitu, kisha vichaka, kisha jangwa la mawe, kisha barafu iliyobaki. Aliitazama michoro yangu mibaya kwa muda mrefu.

"Basi kama walishambulia mchana," alisema, "watu wa mjini hawakuona kitu. Walisikia tu."

Akaikunja karatasi, akaiweka ndani ya kitabu.

Moshi

Nimerudi wiki mbili sasa. Jana asubuhi nilikaa kwenye kijiwe cha kahawa karibu na stendi, nikawasimulia wazee habari za Tokyo. Nilitegemea wangecheka. Walisikiliza, vikombe mkononi, hadi nilipofika kwenye kambi iliyo ndani ya mlima.

"Aisee mangi," mzee mmoja alinikatiza, "mlango wake uko upande gani? Kibosho au Rombo?"

Nilimwambia katuni haionyeshi.

"Ni Rombo," alisema wa pili. "Jeshi litakaa karibu na mpaka."

"Mpaka gani, wakati serikali yao ni moja dunia nzima?" alidakia wa tatu. "Huyu hajasikiliza. Ni Machame. Kule kuna njia ya kupandishia vyuma."

Sauti zilipanda. Muuza kahawa aliacha kuosha vikombe akaegemea birika. Watu wawili waliokuwa wanapita walisimama wakidhani ni habari za mpira, na walipoambiwa ni za nini, hawakuondoka. Yule mzee wa kwanza alingoja kelele zipungue, akanishika mkono kama mtu mwenye shauri.

"Mwanangu, mlango tuuache. Niambie jambo moja. Jeshi lote hilo limo ndani ya jiwe. Maji ya kunywa linatoa wapi? Hapa mlimani hakuna tone lisilo na mwenyewe. Mifereji ilichimbwa na babu zetu, ina zamu, ina wazee wake. Lazima waliukata mfereji wa mtu. Huyo mwenye mfereji alisema nini?"

Sikuwa na jibu. Nilifungua daftari kwenye ukurasa wa pili, na chini ya swali langu la kwanza nikaandika la kwake. Mpwa wangu amelipiga picha, na mwenyeji wangu ameniahidi kwamba Jumamosi atalipeleka Kami-Igusa.