Kutoka Miritini hadi Kibera

Mwezi uliopita tulialikwa Nairobi kwenye harusi ya binti wa marafiki zetu wa miaka mingi, Wanubi wa Kibera. Tukatoka Miritini kwa treni ya saa mbili asubuhi, sisi na mama watoto, pamoja na kapu la maembe na mkeka mmoja wa zawadi.

Kabla ya kuingia stesheni, mizigo hupangwa chini na mbwa wakapitishwa kuinusa. Mama zetu wanaosafiri na vyakula na misala ya kuswalia, wavitie ndani ya begi la kufungwa barabara, wasije wakafika Nairobi na shaka ya tohara. Sisi kapu letu lilikuwa wazi, na mama watoto hakulisahau jambo hilo mpaka Voi.

Tulipokuwa vijana wa madrasa tulipanda gari moshi la usiku, tukalala, tukaamka, na bado Nairobi haijaonekana. Treni hii ya sasa ilianza kubeba abiria mwaka 2017, na kabla ya alasiri tulikuwa tumeshafika Syokimau. Adhuhuri tuliichelewesha kwa nia ya kuijumuisha na alasiri, rakaa mbili mbili, kama dini ilivyomsahilishia msafiri. Raha ya safari hii hatuwezi kuikana. Lakini sisi watu wa Pwani hatujasahau pia kwamba reli hiihii ilipoanza kuyachukua makontena moja kwa moja hadi Nairobi, vijana wetu wa malori na maghala walibaki vijiweni, mpaka Septemba 2022 ilipotangazwa kwamba shughuli za kutoa mizigo zitarudishwa Mombasa. Reli ya mkoloni ilianza kutandikwa kwetu mwaka 1896 na kufika Kisumu 1901. Hii yetu ilifika upande wa Suswa mwaka 2019, ikatua pumzi huko.

Mpwa wetu, ambaye ni dereva wa teksi, alitupokea akatupitisha katika barabara ya Nairobi Expressway, ile ya kulipia, yenye kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022. Inapokaribia jiji hupanda juu ya nguzo, na msafiri huona mapaa ya majengo na vilele vya miti. Magari yalikuwa machache, na upepo mzuri. Chini yetu, Uhuru Highway ilikuwa imejaa matatu zilizosimama. Mama watoto akauliza, "Na hawa wa chini, wao barabara yao itatengenezwa lini?" Mpwa akacheka, akasema, "Shangazi, mimi mwenyewe nikiwa sina abiria hupita hukohuko chini."

Pale Westlands alituonyesha mti wa mugumo, mkubwa wa kutisha. Barabara ilipokuwa ikijengwa ulikuwa ukatwe. Watu wakapiga kelele, na Novemba 2020 ikatoka amri ya Rais kwamba mti ule usiguswe. Barabara ikaupisha. Tulifurahi kwa hilo, na tukamwambia mpwa asimamishe gari tuutazame vizuri, akasema hapo hapasimamiwi.

Tulilala kwake Kangemi. Asubuhi tulirudi katikati ya jiji kwa matatu, na hapo tukaijua Waiyaki Way ya wengi: akina mama wenye watoto mgongoni na mafurushi kichwani, wakingoja mwanya wa kuvuka, kwa kuwa daraja la waenda kwa miguu li mbali na si kila goti linaweza ngazi zile. Adhuhuri tuliswali Msikiti wa Jamia, na jioni tukashika gari moshi dogo liendalo Kikuyu, kwenye reli ileile ya kizamani. Lilisheheni hata pa kuweka kapu hapakuwepo. Tukateremka Kibera.

Wanubi waliwekwa pale na serikali ya kikoloni tangu mwaka 1904, askari na aila zao, na pakawa msitu. Hati ya ekari 288 walikabidhiwa mwaka 2017 tu. Mwaka uliofuata, tarehe 23 Julai 2018, matingatinga yaliingia kupasua njia ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na maelfu ya watu wakalala nje. Madarasa ya watoto pia yalianguka siku hiyo.

Nyanya wa bibi harusi alikuwa akiishi Kambi Muru. Sasa anakaa kwa bintiye, Makina. Alitukaribisha kwa gurusa na chai ya tangawizi, akayasifu maembe, akauliza habari za Mombasa na za bei ya nazi. Habari ya nyumba yake hakuitanguliza yeye. Ni mama watoto aliyemuuliza. Akasema ukutani palichorwa alama, kisha wakaambiwa wangoje, wakangoja, mpaka asubuhi ile alipotoka na Msahafu, birika la udhu na blanketi moja. Fidia hakuiona. Tulipokuwa tukimsikiliza, mti wa Westlands ulitujia akilini, tukaona haya kuutaja.

Hatusemi kwamba barabara ile haikuhitajika. Vijana wa harusi wenyewe walitueleza kwamba gari la wagonjwa sasa huingia Kibera, jambo ambalo zamani lilikuwa ndoto. Kulikuwa na njia, hata hivyo, ya kumtoa ajuza nyumbani kwake akiwa ameshajua atalala wapi.

Baada ya Isha alitaka kutusindikiza, nasi hatukuweza kumzuia. Tulipofika kwenye lami alimshika mama watoto mkono, wakasimama pembeni wakingoja pikipiki zipite. "Barabara ni nzuri, mwanangu," akamwambia. "Mimi kila nikipita hapa hutafuta jiko langu lilikuwa upande gani, na sasa hata hilo limeanza kunipotea."

Pikipiki zikapungua, tukavuka.