Cheti cha Fundi wa Karo

Mimi ni karani hapa Kalenga. Kazi yangu ni makaratasi. Lakini nilipotaka karo la choo nyumbani, sikumwuliza shemeji yangu karatasi yoyote. Ni mwashi hodari, ukuta wake haupindi. Akachimba hatua 10 tu kutoka kisima cha jirani, tena upande wa juu. Mvua zilipofika, maji ya kisima yakanuka. Jirani hakugomba, alileta ndoo, akasema, "Karani, nusa." Nikaona haya.

Tukalifukia, tukachimba jingine upande wa chini, zaidi ya mita 30 kutoka kisimani. Shemeji akakiri, "Matofali nayajua, njia za maji chini ya ardhi sizijui." Sasa anasoma VETA, apimwe ujuzi, apate cheti. Na akitaka kazi za ukandarasi, sheria ya mwaka 1997 yamtaka aandikishwe kwanza na Bodi ya Usajili wa Makandarasi.

Vijana humcheka: ati cheti cha kuchimba shimo! Wasicheke. Akosaye ukuta humtia hasara mwenye nyumba. Akosaye karo humnywesha jirani uchafu.