Barua kwa Mpwa Wangu Anayerejea Kutulo

Kutulo, Kaunti ya Mandera

Kwa mpwa wangu mpenzi,

Baada ya kukuarifu ya kuwa sisi huku tu wazima, na kwamba mama yako ametulia tangu zilipofika habari za daktari kukuruhusu utoke hospitalini, nimeona ni wajibu juu yangu, maadamu mjomba hushika nafasi ya mama pale mama anapozidiwa na machozi, nikuandikie kabla hujapanda basi la kuja huku. Maana siku utakayowasili patakuwa na furaha na mbuzi wa kuchinjwa, na wasiwasi wangu mimi hauko katika siku hiyo, bali katika siku ya pili yake na zile zitakazofuata, wageni watakapokuwa wamekwenda zao.

Neno langu lenyewe ni hili, na mengine yote yanatokana nalo: usingoje moyo uchangamke ndipo uamke, uoge, ule na utoke, bali amka, oga, kula na utoke kwa saa zake, ilhali moyo ungali mzito, nao utakuja nyuma. Umewaona tangu utotoni ngamia wa baba yako wakiinuka na mizigo, jinsi kila mmoja anavyotangulia kuinua miguu ya nyuma, akayumba hata asiyemjua akadhani ataanguka, kisha ndipo ya mbele ikafuata. Matabibu wa zama hizi wamelijaribu jambo hili kwa wagonjwa wa huzuni wakaliona lafaa, nasi tuliolelewa katika dini tumekwisha kupewa siku iliyogawanywa kwa sala 5, kwa hiyo hatuna haja ya kwenda kuazima ratiba kwa mtu.

Basi ukishasali alfajiri usirudi kitandani. Fuatana na watoto wanaotoa mbuzi zizini, uende nao hata mwisho wa nyumba, kabla jua la Kutulo halijawa kali. Kwani mwanga wa asubuhi ndio unaoufundisha mwili kuijua saa yake ya kulala na ya kuamka, na miguu inapokwenda, fikra nazo hupunguza kuzunguka mahali pamoja. Adhuhuri pumzika kidogo kivulini kama tupumzikavyo sote, lakini usilale hata alasiri, maana usingizi ulioliwa mchana hudaiwa usiku. Alasiri nimekuombea kazi ndogo, nayo ni kushika daftari la maji kisimani, kuandika nani amenywesha mifugo wangapi na nani amelipa. Usidhani ni kazi ya kukupumbaza. Nimeichagua kwa kuwa watu watakungoja, na mtu aliye mgonjwa wa moyo hujiona hana anayemhitaji, na dawa ya dhana hiyo si maneno ya kumsifu, ila ni watu kumi waliosimama na madumu yao wakimtazama afungue daftari. Ikiwa siku fulani hukuweza ila nusu saa, fanya hiyo nusu saa uondoke bila aibu.

Chakula usikiache, hata kama ni bakuli la maziwa ya ngamia na anjera moja. Na baada ya isha, simu iwekwe kwa mama yako.

Sasa niseme juu ya miraa, na hapa sitapunguza ukali. Najua ya kuwa mafungu yale yanaposhushwa kutoka Meru, wenzako wote hukusanyika, na kijana asiyekaa nao huonekana amejitenga. Lakini miraa hufukuza usingizi, nao usingizi ndio nguzo ya kupona kwako, kisha ikiisha nguvu humwacha mtu chini kuliko alivyokuwa, na kwa wengine huamsha sauti na shuku zisizokuwapo. Fauka ya hayo, haipatani na dawa unazomeza. Iache kabisa. Wala sikwambii uwaache wenzako, kwani upweke nao ni sumu. Nimekwisha kuwaambia wawili katika hao waje kunywa chai ukumbini kwangu baada ya magharibi, wakakubali kwa moyo mweupe.

Ama dawa, lishike jambo moja: dawa za huzuni hukawia wiki 2 hata 4, pengine zaidi, kabla ya kuonyesha nafuu, ilhali udhia wake, kama kukauka kinywa na kuchafuka tumbo, hutangulia, na hatari kubwa iko siku utakapojiona mzima, kwa kuwa siku hiyo utataka kuziacha. Haziachwi hivyo. Huendelezwa miezi 6 na aghalabu zaidi baada ya nafuu, kisha hupunguzwa kidogo kidogo kwa amri ya daktari. Ikifika Ramadhani, muulize mapema kama zaweza kugawanywa baina ya futari na daku, na akikwambia usifunge, basi mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake mwenyewe, asijione mpungufu. Wala usizimeze peke yako. Wajir, mwaka 1976, bibi mmoja wa Kitaliano, Annalena Tonelli, aliwakaribisha wafugaji waliougua kifua kikuu wajenge vibanda vyao jirani na kituo chake kwa muda wa miezi 6, na kila siku dawa ikamezwa mbele ya macho ya mtu mwingine. Na watu ambao wengi walidhani hawatibiki, kwa kuwa hawakai mahali pamoja, wakapona, hata Shirika la Afya Duniani baadaye likaipokea njia ya namna hiyo kwa ulimwengu mzima. Dawa zilikuwa dawa zile zile. Kilichozidi ni mtu wa kukaa nawe unapozimeza. Nasi nyumbani hatutashindwa kukupa mtu huyo.

Watakuwako wa kukwambia kwamba maradhi yako ni upungufu wa imani. Usibishane nao. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya masilahi ya miili na nafsi, na humo akaigawanya huzuni mafungu mawili: ile yenye sababu ijulikanayo, kama kupotewa na mtu au mali, na ile ambayo mwenyewe haijui sababu yake, akaona asili yake iko mwilini, hivyo mwili nao utibiwe. Shekhe akija kukusomea, nitamkaribisha na nitakaa nawe, kwa maana Kurani ni faraja na mimi siiachi. Lakini kisomo hakitachukua nafasi ya kidonge, na mnyororo, fimbo au moshi wa kumfukizia mtu hata akose pumzi, hayo hayatapita mlango wangu maadamu mimi ni hai.

Nawe una sababu ijulikanayo, mpwa wangu. Mvua zilipokosa misimu 5 mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hata 2022, uliwazika ngamia wa baba yako kwa mikono yako, na tangu siku ile hukulitaja jambo hilo. Sisi watu wa huku tumezoea kuita kimya subira. Wako wazee wa Wajir waliokaa na mauaji ya Wagalla ya Februari 1984 vifuani mwao zaidi ya miaka 25, hata Tume ya Ukweli ilipokuja kuwasikiliza mwaka 2011, na waliowaona wanajua kimya kile kiliwala kiasi gani. Sema, basi. Zimbabwe, tangu 2006, daktari Dixon Chibanda amewafunza akina nyanya kukaa na wenye dhiki kwenye mabenchi nje ya zahanati, wakiwasikiliza na kuwasaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo, na uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosikilizwa hivyo walipata nafuu kubwa. Nyanya yako mzaa baba anaketi chini ya mgunga kila alasiri. Yeye amezika ukame zaidi ya mmoja.

Na fikra ya kutaka kufa ikikujia, usiku wowote, nigongee mlango, wala usisubiri iondoke yenyewe. Usiogope polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomhesabu kuwa mkosaji mtu aliyejaribu kujiua, kinapingana na Katiba. Aliyefika hapo ni mgonjwa, na haki yake ni kutibiwa.

Kabla ya kuondoka, mwombe daktari akuandikie waziwazi majina ya dawa, vipimo vyake na tarehe ya kurudi, ili muuguzi wa hapa aweze kusoma, kisha chukua dawa za kukutosha hata safari ijayo, kwa kuwa wakati wa mvua barabara ya Wajir hukatika. Tena unijibu kwa mkono wako, uniambie ni nani katika jamaa unayemtaka akae nawe unapomeza dawa. Nimewaza kaka yako mkubwa, lakini shauri hilo ni lako.

Wasalamu,
Mjomba wako