Nyayo za Mnyama Asiyewindwa

Riziki yangu niliipata kwa kufuatilia nyayo katika vitalu vya uwindaji vya Selous, tangu zamani kabla sehemu kubwa ya kaskazini ya pori hilo haijawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Wageni walikuja kwa ajili ya nyati, chui na simba. Mbwa mwitu hakuwamo katika leseni ya mtu yeyote, kwani sheria inamlinda. Hata hivyo, Selous ni miongoni mwa maeneo machache ya Afrika yaliyobaki na mbwa mwitu wengi, na unyayo wake ndio niliousoma kwa uangalifu kuliko wote.

Alfajiri nilikaa juu ya gari, macho kwenye mchanga wa barabara. Nikiona alama, nagonga bodi, dereva anasimama. Kwanza natafuta kucha. Simba na chui hutembea wamezificha. Duma huziacha wazi, na hapo wanaoanza kazi hubabaika, wakimdhani ni mbwa. Niliwafundisha watazame kisigino: cha duma kina matuta matatu kwa nyuma, sawa na simba na chui. Fisi naye huacha kucha, lakini unyayo wake wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma, na kisigino chake kimelalia upande. Wa bweha unafanana na wa mbwa, ila ni mdogo na mwembamba.

Kazi kubwa ni kumtenga mbwa mwitu na mbwa wa kufugwa. Mbwa mwitu ana vidole vinne kila mguu. Wa kufugwa ana cha tano miguu ya mbele, lakini hicho hukaa juu na kwa kawaida hakigusi ardhi. Kwa hiyo unyayo mmoja hautoshi. Lazima ushuke uifuate njia. Mbwa mwitu hupita kundi zima, nyayo za wakubwa zikikaribiana kwa ukubwa, na hakuna binadamu kati yao. Mbwa wa kufugwa ana mwenyewe: pembeni utakuta alama ya kandambili au tairi la baiskeli.

Habari ya alama kama hiyo niliipeleka kwa askari wanyamapori siku hiyohiyo. Mwenye mbwa porini huenda ni jangili, na hata asipokuwa jangili, mbwa wake anaweza kuleta maradhi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 makundi ya mbwa mwitu ya uwanda wa Serengeti yalitoweka, na kichaa cha mbwa kilikuwa kimethibitishwa miongoni mwao.

Ndiyo maana kijana niliyemfundisha alianza na nyayo za wanyama asiowinda. Nyati ana mgeni aliyelipa ili atafutwe. Mbwa mwitu hana wa kumtafuta ila sisi tunaopita njia yake kila asubuhi.