Bagamoyo Katika Siku za Majilio



Mwaka jana, Jumamosi iliyotangulia Dominika ya pili ya Majilio, nalisafiri na Wakristo wa kigango chetu kwenda kuhiji Bagamoyo, mji wa pwani ulioko yapata kilomita 70 kutoka Dar es Salaam. Nalikwenda kuwafundisha wengine, kumbe mwanafunzi nalikuwa mimi.

Twalianza pwani, penye msalaba wa ukumbusho wa wamisionari. Hapo nikawaeleza wenzangu jinsi Padre Armand Fava na wenziwe walivyofika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion mwezi wa Desemba 1860, Noeli ikiwa karibu. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, wakavuka bahari wakajenga Bagamoyo. Wakawakomboa watumwa na kuwafanyia kijiji chao. Hivyo Injili ilifika kwa watu waliokuwa wakingoja, na wengi wao walingoja wasijue wanamngoja nani.

Kisha tukaifuata njia ya miembe iendayo misioni, tukapumzika kivulini. Nikaendelea kufundisha. Majilio ni kuja kwake Bwana. Dominika zake ni nne, na ya kwanza huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Padre huvaa zambarau, na Utukufu hauimbwi siku za Dominika hizo, ili tuuone utamu wake usiku wa Noeli. Dominika ya tatu twaweza kuona rangi ya waridi, kwa kuwa furaha imekaribia. Hata tarehe 16 Desemba Kanisa hututazamisha hasa siku ile Bwana atakaporudi kwa utukufu. Toka tarehe 17 hututazamisha kuzaliwa kwake Bethlehemu. Basi atengenezaye nguo mpya na pilau tu, hajatengeneza kitu.

Nikaongeza habari za mji wenyewe. Zamani misafara ilitoka bara kwa miezi mingi, wapagazi wakichukua pembe za ndovu kichwani na mabegani, ikaishia hapa. Wako wasemao kwamba jina la mji latokana na wapagazi hao, waliobwaga mizigo mioyo ikatulia. Na wako wasemao ni kilio cha watumwa, waliobwaga moyo hapa kwa kukata tamaa kabla ya kuvushwa bahari. Njia hiyo hiyo, Februari 1874, akina Susi na Chuma waliufikisha mwili wa Livingstone, nao ukalazwa misioni. Mzigo wa mapenzi hufikishwa, hata njia ikiwa ndefu.

Nilipomaliza, bibi mmoja wa kigango chetu alikuwa bado amesimama na kapu lake kichwani. Akaniita, "Mwalimu, nitue." Nikamshika kapu, tukalishusha pamoja. Akaketi, akasema polepole, "Mzigo mzito mtu hajitui peke yake. Na wewe, mwanangu, wako nani atakutua?"

Wengine hawakuelewa. Mimi nalielewa. Miaka mitatu nalikuwa sisemi na kaka yangu, kwa ajili ya minazi aliyotuachia marehemu baba. Miaka mitatu nalisimama mbele ya Wakristo na kuieleza Injili ya Yohane Mbatizaji, kwamba njia ya Bwana inyoshwe, na njia ya kwenda kwa kaka yangu ilikuwa imeota majani. Na kesho yake ilikuwa zamu yangu kuisoma tena.

Tuliporudi jioni sikwenda kwangu. Nikapiga hodi kwa kaka. Akaniuliza, "Umekuja kwa minazi?" Nikajibu, "La, kaka. Nimekuja kwa salamu. Shikamoo." Akanyamaza kitambo, hata nikadhani nitarudi na salamu yangu. Kisha akasema, "Marahaba," akamwambia shemeji, "Mletee mwalimu kiti." Aliniita mwalimu, hakuniita mdogo wangu, neno hilo lalinichoma, nami nikaketi.

Shauri la minazi halijaisha mpaka leo. Liko mbele ya wazee. Lakini Jumamosi iliyofuata nalikwenda kwa Padre nikaungama, na siku ya Noeli watoto wetu walikula sinia moja.

Ndugu zangu, fikirini mama mzazi akitaka kumpa mwenziwe mtoto mchanga amshike. Aliye na mtungi kichwani au kuni mikononi huambiwa atue kwanza. Mtoto mchanga hupokewa kwa mikono iliyo wazi. Nasi usiku wa Noeli twaenda kupewa Mtoto. Tukifika tumekumbatia kinyongo, deni tulilokataa kulipa, au neno baya tulilomsema jirani, tutampokea kwa mkono upi?

Basi, walimu na wazazi, katika jioni za Majilio kila mmoja ajiulize nyumbani mwake: ni mzigo gani, na ni nani ashikaye upande wa pili? Twende kwake kabla ya kesha la Noeli. Neema ya Bwana na itutangulie mlangoni pake.