Mkongo, si Mkonge

Baba alikata mkonge Korogwe tangu ujana wake. Kwa hiyo mkandarasi alipokuja hapa Segera kutafuta vibarua wa kuzika mkongo, yeye alisikia mkonge. Jioni alirudi akicheka, udongo mwekundu hadi magotini. "Mama nanihii, hawa watu wana vituko," alimwambia mama. "Sisi singa tunazianika, wao wanazizika!"

Kila kibarua alipimiwa kipande chake kando ya barabara. Walichimba kwa sululu na chepe huku mabasi ya Arusha na ya Tanga yakiwatimulia vumbi. Baadaye bomba likalazwa, mtaro ukafukiwa, majani yakaota.

Mimi nikaja kuwa mwalimu wa fizikia, na kila mwaka nafundisha jinsi mwanga unavyosafiri ndani ya uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Huwaambia wanafunzi habari za Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai. Mwaka 1966, akiwa Harlow, Uingereza, yeye na mwenzake George Hockham waliandika kwamba kioo kingeweza kubeba simu za watu. Wakati ule, mwanga ukipita mita 20 tu ndani ya kioo, ilibaki sehemu 1 katika 100. Wengi walilaumu kioo chenyewe. Kao alisema tatizo ni uchafu uliomo, chembe za chuma na metali nyingine. Kioo kikisafishwa, sehemu hiyo hiyo ingebaki baada ya kilomita nzima. Mwaka 1970 kampuni ya Corning ya Marekani ikalifikia lengo hilo. Leo ni kilomita 100, mbali kuliko kutoka hapa hadi Tanga mjini.

Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam. Oktoba mwaka huo huo Kao akatangaziwa Tuzo ya Nobel. Lakini alikuwa tayari na ugonjwa wa Alzheimer, na kumbukumbu zilikuwa zinamtoka. Desemba, huko Stockholm, mhadhara wake ulisomwa na mkewe, Gwen.

Sehemu hiyo sikuwa naifundisha. Niliiona ni ya pembeni, mpaka Baba alipoanza kusahau.

Kwanza yalipotea majina ya wajukuu, kisha njia ya msikitini. Siku moja tulipita pale alipochimba, nikamwonyesha. Akasema hajawahi kuchimba kitu pale. Nikabishana naye. Nikamtajia mwaka, mkandarasi, hadi malipo ya siku, kama ninayemsahihishia mtihani. Akanyamaza, akaangalia viganja vyake. Njia nzima hakusema tena.

Usiku ule nilimfikiria Gwen. Hakusimama pale kumuuliza mumewe kama anakumbuka. Alichukua karatasi, akasoma.

Sasa mwanangu akiniuliza intaneti inapitia wapi, namsogeza karibu na kiti cha babu yake. Namsimulia sululu, vumbi la mabasi na ule utani wa singa. Baba husikiliza hadi mwisho, kisha hucheka kwa nguvu.

"Huyo mzee," huniuliza, "alikuwa wa hapa hapa Segera?"

"Wa hapa hapa, Baba."